Nyuzi Thelathini na Nne

Konstanz, Novemba. Ukungu umelimeza ziwa
pamoja na taa za feri.
Chini ya ardhi, chumba namba sita,
Wiebke Harms amekesha na kichupa
chembamba kuliko ukucha wake.

Ndani: maji, lutidini inayonuka mnanaa uliooza,
na chembe za kioo, maelfu,
kila moja imevaa chaji ileile,
kila moja yamwambia jirani: kaa hukohuko.
Kwenye skrini zinatetemeka tu. Hazigusani.

Anapandisha joto
sehemu ya kumi, kisha ya mia,
kama mpishi anayeonja chumvi kwa ncha ya ulimi.

Thelathini na tatu, nukta tisa.
Vimiminika viwili vilivyolala kitanda kimoja
vinaanza kuulizana: tuachane? tusiachane?
Hapa maji yanajikusanya, yanatawanyika;
pale lutidini inapiga kambi, inang'oa kambi.
Na kadiri uamuzi unavyokaribia
ndivyo kusita kunavyotanda,
kutoka upana wa molekuli
hadi upana wa pengo baina ya chembe na chembe.

Hapo zinasogeleana.
Hakuna uzi uliozivuta
(nyuzi zilizopo ni za joto tu),
hakuna sumaku, hakuna gundi.
Zote zapenda maji,
na penye wapenda maji wawili
kimiminika cha katikati hupata neno moja
huku cha nje kingali kinabishana.

Mbili. Tatu. Kisha kishada.

"Anselm!"
Amesahau kuwa tangu Jumanne hawasemezani,
kisa kikombe cha kahawa juu ya kidhibiti joto.
Anakuja na soksi, anainama.
"Punguza."
Anapunguza. Kishada chafumuka,
kila chembe yarudi upwekeni bila kinyongo.
"Pandisha."
Zashikana tena.

Najua unachotaka niseme hapa.
Sisemi. Chembe hazina moyo,
na Anselm bado hajaomba radhi.

Kisha mkono wa Wiebke unazidisha kidogo,
na kichupa kizima chawa cheupe
kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele.
Skrini haionyeshi kitu.

Anaandika kwa penseli:
saa tisa na robo usiku, zilishikana.
Kwenye safu ya sababu anasimama,
anaanza neno, analikata,
anaanza jingine.