Marinda

Saa tisa usiku, Dundee. Ukungu wa bahari
umeufuta mto Tay pamoja na daraja lake.
Chumba hiki hakina dirisha.
Nimeketi na yai la nzi wa matunda,
dogo kuliko nusu ya punje ya ulezi.

Nililiokota kwa ncha ya brashi
kwenye sahani ya juisi ya tufaha,
nikalivua ganda kwa jiki
(ile ile ya kufulia shuka),
nikalilaza chali, nilione tumbo.

Saa tatu tangu litagwe. Seli elfu sita
zimesimama bega kwa bega, kimo kimoja,
wala kwa macho huwezi kujua
ipi itakuwa msuli na ipi ngozi.
Kisha mstari wa katikati unashtuka.
Moja inabana utosi. Inatulia. Inabana tena.
Jirani yake anaitika.
Zilizokuwa nguzo zinakuwa chupa,
shingo nyembamba, kitako kipana,
na ukuta mzima, usio na mkono wa kuukunja,
unajikunja,
unazama.
Dakika kumi na tano. Hata mwayo sikupiga.

Hilo ni yai zima. Mimi nalipwa kwa jingine,
la ukoo wenye hitilafu, chupa namba arobaini na saba,
ambalo Ailsa, msimamizi wangu, amenikubalia niliite Kaidi.
Nalo hubana. Hulegea. Hubana. Hulegea.
Nguvu linayo; faida haikai.
Miezi minane nachora grafu za pumzi hiyo.

Jumapili nilimsimulia shangazi Mwanaidi,
fundi cherehani wa Korogwe, simu ikikatikakatika.
Alicheka. "Hayo si marinda, mwanangu?
Unapitisha uzi, unavuta, kitambaa kinajikusanya.
Ukiachia bila fundo kinarudi kilivyokuwa.
Fundo umelitazama?"

Sikuwa nimelitazama. Nilikuwa napima mvuto.

Sasa daftari limeanza ukurasa mpya:
si seli inavuta kiasi gani,
bali ikishavuta, nani anaishikia.
Huenda nimekosea. Saa mbili Ailsa ataingia
na kahawa yake na maswali makavu,
na fundo la Korogwe sijui nitalitajaje.

Kwenye kioo Kaidi linajaribu tena,
linabana,
linalegea,
nami nagundua nimekusanya pindo la shati
kwenye ngumi, muda wote huu,
na sijaliachia.