Mguu wa Mgeni

Thongdam, ulitoka Korat na viwiko vyako,
wakakwambia huku Linyi viwiko marufuku.
Ukacheka. Ukavifungia kama visu vya jikoni
siku wajukuu wanapokuja.

Mie Qu Dehai, kilo sabini,
mwana wa muuza mikate ya mvuke kando ya stesheni,
sikuwa na teke kama lako.
La kwanza lilinitia ganzi paja.
La pili, nikasikia mbavu zikiitana majina.

Bondia angerudi nyuma.
Yule wa karate, wa ukumbi wa juu yetu,
angegusa na kuondoka
kama mdai deni mwenye adabu.
Sisi Mwalimu Geng alitufunza jingine: teke likija
lipokee, kama upokeavyo mzigo wa mgeni mlangoni.
Likumbatie kifuani.
Kisha mwoneshe mgeni sakafu.

La tatu nikalipokea.
Ukabaki na mguu mmoja, macho yakiniuliza:
na sasa?
Nikaufagia huo mmoja.
Jukwaa letu halina kamba, Thongdam,
ulikwenda hadi meza ya waamuzi,
kikombe cha chai kikakutangulia chini.
Uliinuka unapangusa majani ya chai shingoni,
ukaniinamia, viganja pamoja.

Nilishinda kwa pointi.
Lakini usiku ule ngazi za kwetu, ghorofa ya tano,
nilizipanda kwa matako,
moja moja, kinyumenyume,
mama akinimulikia kwa tochi,
asiulize nani kashinda.