Milimita Nne

Oktoba imeingia kwa mlango wa jikoni,
ule usiofungika.
Mbao zimevimba kwa unyevu, zinakwaruza sakafu,
na kila anayemtoa mbwa nje
huupiga bega, kisha teke, kisha huuacha wazi,
baridi ijikaribishe yenyewe.

Kaarel yuko Helsinki tangu Jumatatu.
Anapachika madirisha ya watu, anaziba mapaa ya watu;
kwetu, beseni la bluu limekaa ukumbini chini ya tone.
Mganga hajigangi, nasema,
nikimwaga maji kwenye sinki mara ya tatu.
Tone halicheki.
Tone linahesabu: ti. Ti. Ti.

Orodha ipo kwenye friji, imebanwa na sumaku:
mfereji wa paa, umejaa majani ya mbetula;
dohani, mpigie Arvo kabla hajalewa;
kuni, mita saba, zimwagwe wapi?
jino la Taavi, Alhamisi saa tisa;
panya.
Hilo la mwisho aliliandika Maret,
na mkia akauchora ukashuka hadi pembeni mwa karatasi,
ukageuka, ukapanda tena.

Jumatano akaja mama mkwe, Helju,
na pipa la kabichi na maoni yake.
Tulikatakata, tukatia chumvi, tukaponda,
chini ya kucha zetu mkiwa na udongo wa viazi vya jana.
"Nyumba hii," akasema, "marehemu aliijenga kwa mkono mmoja."
"Na ule wa pili ulishika nini?" Taavi akauliza.
"Kikombe," akajibu bila kufikiri,
akacheka hadi akatafuta kiti.

Jino liling'oka lenyewe njiani, ndani ya gari,
karibu na kituo cha mafuta.
Pesa ya daktari nikanunulia puti ya madirisha
na pea ya glavu, kwa sababu za mwaka jana
zote mbili ni za mkono wa kushoto.

Usiku nilipitisha mshumaa kando ya fremu,
na pale mwali ulipolala kama nyasi iliyokanyagwa
nikasema, hapa.
Maret akabandika puti, akaikandamiza kwa dole gumba,
hapa, na hapa, na hapa.
Nilitaka kusawazisha kwa kisu.
Nikakiacha kisu.

Ijumaa, saa tano usiku, Kaarel akafika na meli ya mwisho,
ananuka rangi ya nyumba nisiyoijua.
Akaula mlango teke, kama sisi sote.
Akavua kiatu kimoja, akalala kitini
na cha pili mguuni.

Nikapekua mifuko kabla ya kufua:
risiti ya kahawa, skrubu mbili, penseli fupi ya kutafunwa,
na karatasi yenye vipimo vya madirisha ya wageni,
safu kwa safu, mwandiko wa haraka.
Chini kabisa, pembeni, maneno yamezungushiwa duara mara mbili:
*mlango wa jikoni, nyumbani. Kupunguza mm 4.*

Basi ndicho alichokuwa akikifanya Jumatatu, saa kumi alfajiri,
amepiga magoti gizani na futi yake,
nami kitandani nikinung'unika
kwamba mtu huyu hata glavu zake hazijui zilipo.

Jumamosi, kabla ya kahawa, randa ikaanza.
Shh. Shh.
Maranda yakajikunja sakafuni, membamba, meupe,
Taavi akayavaa kichwani, akadai ni mzee.
Kaarel akaurudisha mlango kwenye bawaba, akausukuma kwa kidole.
Ukajifunga. *Tak*, kidogo tu,
kama mtu anayeweka kijiko mezani.

Upepo ukakatika.
Mbwa akainua kichwa.
Na katika ule utulivu, kutoka ukumbini,
wazi kuliko siku zote:
ti.
Ti.

Kaarel akanitazama.
"Kunywa kahawa kwanza," nikamwambia.