Kumi na Tisa, Kumi na Nne, Tisa, Nne

Dakika ya thelathini na moja, sekunde ya nane.
Halszka anabonyeza kitufe, kanda inanyamaza.
"Hapa," ananiambia. "Hapa ulikimbia."

Nje, tramu inakata kona, chuma kikisaga chuma,
na kiwanda cha nguo cha matofali mekundu
siku hizi ni hoteli, Łódź nzima imebadilisha kazi.
Mimi pia najifunza kazi: mwanagenzi wa tiba ya nafsi,
mwaka wa tatu, karo nailipa kwa zamu za usiku
nikifunga mikate ambayo siili.
Nadaiwa saa mia tatu za kusikiliza,
kila saa inaswe, ipimwe, itiwe alama.

Bogumił huja Alhamisi, saa kumi jioni.
Miezi kumi na minne alikaa kwenye orodha.
Alipojiandikisha, mkewe alikuwa marehemu mpya.
Alipofika kwangu, marehemu wa zamani,
na huzuni haijasogea hata kiti.

Kabla ya salamu anajaza dodoso,
maswali tisa, sifuri hadi tatu:
Unalala? Unakula? Unajiona hufai?
Kumi na tisa. Kumi na nne. Tisa. Nne.
Mstari unateremka kama mtoto kwenye utelezi.
Chuoni watafiti wameupenda.
Katika jedwali lao mimi ni nukta,
nukta njema, iliyokaa inapotakiwa.

Ila kanda haijui jedwali. Inasema:
"Asubuhi natoa vikombe viwili.
Halafu mkono mmoja haujui uende wapi."
Kimya. Sekunde tatu. Nikaingiwa na hofu,
nikadaka swali la ukurasa wa arobaini wa mwongozo:
"Ni wazo gani lilikujia wakati ule?"
Naye, kwa adabu, akanitafutia wazo.

"Ningengoja nini?" namuuliza Halszka.
"Sijui. Mtu hungoja kwa sababu hajui."

Alhamisi nikaufungia mwongozo kwenye saraka.
Nikamwonyesha karatasi yake.
"Nne hii, Bwana Bogumił. Ni yako kweli?"

Akaitazama mikono yake.
"Miaka thelathini na minane nilitengeneza mitambo ya kufuma.
Uzi ukikatika, nasikia kabla sijaona.
Siku ya kwanza, Bi Jagna, nilisikia kalamu yako ikitetemeka.
Nikauliza mapokezi: binti huyu yumo mtihanini?
Wakasema, hapa wote wamo mtihanini.
Basi nikawa napunguza. Kila wiki kidogo,
maana ningeruka hadi sifuri, wangeshtuka."

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikwama kooni,
kwani nilikuja kumbeba, kumbe nilibebwa,
wiki saba, mgongoni kwa mzee wa miaka sabini na moja,
na risiti kaikata yeye.

"Na leo? Ungeandika ngapi?"
"Ishirini na moja."

Sikusema kitu.
Bomba la joto likagonga mara mbili ukutani.
Ghorofa ya juu mtu akaburuta kiti.
Mkono wake ukaja juu ya meza,
kiganja wazi, vidole vimejikunja kidogo
kwa kipimo cha kitu kisichokuwepo.
Miguu yangu ilitaka kukimbia. Niliikanyagia zulia.
"Leokadia," akasema, "alikuwa akinywa chai na chumvi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza nikamwambia hilo."
Nami sikuwa nimeuliza.

Leo barua imetoka chuoni: nne hadi ishirini na moja,
tafadhali thibitisha kama ni kosa la kuandika.
Kisanduku cha maelezo kinapokea herufi mia moja.
Nimeandika, nimefuta, nimeandika: Si kosa.
Herufi themanini na tisini hivi zimebaki,
sina cha kuzijaza.

Na ile programu inayogeuza sauti kuwa maandishi,
ilipofika pale, sekunde kumi na moja,
imeandika: hakuna mazungumzo.
Nimeiacha hivyo hivyo.
Halszka ataisikiliza Jumatatu.