Uzio wa Farasi

Usiku wa kwanza farasi alitoroka.
Nilimwambia: mbili mbele, moja kulia.
Akatii. Akaruka ukingo wa ubao
akatokea kushoto kabisa, akamkanyaga askari wangu mwenyewe,
kama mgeni aliyekosea nyumba
na akaketi kula.

Hapa Tandahimba, ofisi ya ushirika,
kompyuta hii mchana ni ya korosho:
kilo, daraja, jina la mkulima, stakabadhi.
Jioni napangusa vumbi la sulfa kwenye vitufe,
nafunga hesabu ya magunia,
nafungua sataranji.

Mashine haijui ubao.
Hilo lilinichukua wiki mbili kulikubali.
Haijui mraba, haijui cheusi na cheupe.
Inajua foleni tu, namba sitini na nne,
kama wakulima siku ya malipo:
wa nane hana habari
kwamba wa tisa nyuma yake amesimama mtaa mwingine.

Basi nikajenga uzio.
Safu mbili juu, mbili chini, moja moja ubavuni.
Vyumba mia na ishirini,
na hamsini na sita kati ya hivyo si vyumba, ni miiba.
Farasi akigusa mwiba, arudi.
Bibi yangu kule Mahuta aliyazungushia hivyo mahindi yake
kwa sababu ya mbuzi.
Hakuhitaji namba.

Kisha bei. Askari mia moja, ngome mia tano, malkia mia tisa.
Mfalme nikamwandikia namba
kubwa kuliko mauzo ya msimu mzima,
maana hauzwi.

Fikirini ndiye aliyenifundisha mchezo huu,
kwa vizibo vya soda:
vya chungwa weupe, vya kola weusi.
Kaka yangu, sheria yake moja:
aliyegusa amecheza.
Nikilia, nikimshika mkono, hapana.
Aliyegusa amecheza.

Mwaka ule aliuza kwa kangomba magunia manne ya mama,
mikorosho ikiwa bado maua,
akavuka Ruvuma.
Tulivuna tukiwapelekea watu mali yao.

Ili mashine icheze, lazima iwe mimi,
kisha iwe adui yangu,
na ikiwa adui ichague lile linaloniumiza zaidi,
bila chuki yoyote.
Hatua mbili mbele, papo hapo.
Tatu, nakohoa mara moja.
Nne, naweza kwenda kwa Bi Hawafumu, kununua maandazi,
kusikiliza habari za mkwewe,
na nikirudi naikuta bado iko njia panda.

Lakini kila inachokijaribu lazima ikirudishe.
Mimi nilisahau hapo.
Ilimla malkia katika mawazo yake tu,
ikarudi kwenye ubao halisi,
na malkia hayupo.
Wiki nzima nilitafuta kosa hilo.
Wiki nzima ubao ulikuwa unapungua watu
kwa vita ambavyo havikupiganwa.

Juzi, kutoka Montepuez, ujumbe:
"Nasikia umeifundisha mashine mchezo wetu.
Nianzishie."
Miaka sita, na hilo ndilo neno la kwanza.
Nikaanza. Yeye anaandika, mimi nasogeza, mashine inajibu.
Hatua ya kumi na moja akamwacha malkia wazi.
Mashine haikukohoa hata kidogo.

Simu ikanyamaza. Nikadhani salio limekwisha.
Kisha: "Nimekosea. Naomba kurudisha."

Yeye, Fikirini.

Nje mlinzi anamulika tochi kwenye mizani,
anahesabu mawe ya kupimia kana kwamba kuna wa kuyaiba.
Nimefungua mstari wa mia mbili na kumi,
ule ulioninyima usingizi:
rudisha kipande kilikotoka,
rudisha na kilicholiwa.
Nausoma tena, polepole,
nikiangalia kama kuna kitu nimesahau.