Damu Ilikadiriwa

Daftari la zamani lilikuwa na jalada la buluu,
limelowa ayodini, limenyeshewa mara mbili,
na kila Ijumaa tulilipeleka kwa Sista Ayikoru
akatia sahihi ishirini kwa pumzi moja,
kalamu ikikimbia kama inayofukuzwa na mvua.
Hakuna aliyesoma. Hakuna aliyetarajia kusomwa.

Mwaka huu wametupa jalada lisilo na karatasi.
Linakaa ndani ya simu, au angani, sijui;
mwalimu Ezaruku husema, "Ni kioo chako cha kazi,"
nami natazama kioo changu: kina ufa
kona hadi kona, tangu kilipoanguka sokoni.
Hapa Arua mtandao hupatikana ngazi ya tatu,
nyuma ya wodi ya wazazi, ubavuni mwa tangi la maji.
Ukipanda ya nne, umeukosa.
Hapo ndipo sisi wakunga wanafunzi huketi
sketi zimebanwa magotini, vidole gumba vikikiri.

Jalada linauliza: Ulifanya nini?
Linauliza: Ungefanya nini tofauti?
Linakataza jina la mgonjwa, na sura yake, na kijiji chake.
Basi nasema: mama wa kitanda cha sita.
Uzazi wake wa nne. Kondo la nyuma lilitoka zima,
mtoto alilia kwa hasira, sote tukacheka.
Chini yake palikuwa na kitenge kilichokunjwa mara nne,
cha maua mekundu.
Nilikitazama. Nikaandika: mililita mia mbili.
Kitenge kilikuwa kinakunywa.

Aliposema, "Nasikia baridi," nilimfunika.
Nilimfunika!
Ni Sista aliyeingia kuchukua mkasi tu,
akatazama midomo yake, si chati yangu,
akaweka mkono tumboni, akasugua, akaita sindano,
akaita kwa sauti iliyoitikiwa na ukuta.
Mama alipona. Saa kumi na moja alikunywa chai ya maziwa.
Tulipokipima kitenge kwenye mizani: zaidi ya mia tisa.

Usiku ule niliketi ngazi ya tatu, nikaandika:
"Damu ilikadiriwa kuwa kidogo. Msaada uliitwa.
Mgonjwa alihudumiwa na timu."
Sentensi safi, kama shuka la siku ya ukaguzi.
Nikazisoma tena, nikajiona nilipojificha:
nyuma ya ile w,
herufi moja tu karibu na mwisho wa kitenzi,
nyembamba, lakini mtu mzima huenea.

Nikafuta.
Nikaanza na ni-.
Nilikadiria. Nilikosea. Nilimfunika.
Kila ni- ilisimama mwanzo wa neno
kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.
Kisha: sikuita mtu.
Nikabonyeza "tuma" kabla akili haijarudi.

Siku tisa, kimya. Nikahesabu nauli ya kurudi nyumbani.
Ya kumi, chini ya maneno yangu, maneno yake:
"Driciru. Mimi pia, mwaka wangu wa pili.
Langu lilikuwa blanketi la kijivu. Sikuwa na pa kuliandika.
Jumatatu njoo na ndoo, na vitenge vyovyote ulivyonavyo."

Jumatatu alichemsha karkade, sufuria nzima,
akaipoza, akatumwagia kwa jagi la vipimo:
mia moja juu ya pamba, mia tatu juu ya shuka,
mia tano juu ya kitenge cha maua mekundu.
Tazameni, akasema, tazameni kinavyodanganya.
Tulikisia, tukakosea, tukakisia tena.
Candiru akalamba kidole. Sista akajifanya hakuona.

Nimevipiga picha vitambaa vyote, vimeanikwa kwenye kamba,
kila kimoja na namba yake kwa chaki ukutani.
Sasa naketi ngazi ya tatu. Kiduara kinazunguka.
Asilimia arobaini.
Asilimia arobaini.
Wodini mtu anaita, "Nasi!"
Naiacha simu juu ya ngazi ijipakie yenyewe.
Salamu baadaye. Kwanza naomba ruhusa,
nainua shuka.