Kontena la Qullpa Pampa

Lori lilipanda Andes likikohoa siku mbili,
mgongoni kontena jekundu, ubavu umebonyea,
bado linanuka kahawa ya safari nyingine.

Eusebio akakunjua paneli kama anayeanika mikeka.
Jua letu, lililotubabua midomo miaka yote,
likaanza kulipa deni.

Saturnina hakuomba taa.
Alikuja na alpaka wake kwa kamba,
na mashine ya kunyolea aliyoinunua mwaka juzi,
haijawahi kunguruma.

Ikanguruma.
Alpaka akaruka, akatema mate, akamlowesha fundi shavu;
tukacheka hadi mbavu zikauma.

Usiku, betri zinavuma chinichini.
Saturnina anapima sufu kwa kiganja.
Mkasi wa mama yake
bado umo mfukoni:
jua nalo, anasema, lina siku zake.